Machimbo ya Ijara: Tufukie Shimo Kabla ya Kulichimba

Kila mwaka jarida hili la chama chetu hubeba mashairi, vitendawili na hadithi za sungura na fisi. Mwaka huu nimeomba ukurasa nizungumzie machimbo. Najua kuna atakayeguna, "Ah, hiyo ni insha ya Jiografia, si ya Kiswahili!" Hebu asubiri kidogo. Lugha isiyoweza kueleza kazi ya wazee wetu na malisho ya mbuzi wetu itakuwa ni lugha ya kukariri mtihani tu.

Ninaposema machimbo nina maana ya mahali popote panapochimbwa mawe, kokoto, mchanga wa kujengea au ule udongo wa changarawe tunaouita maramu. Swali linalotusumbua hapa kwetu ni moja: je, tuyafunge machimbo ili tuokoe ardhi, au tuyaache yaendelee ili vijana wapate riziki? Mimi nasema swali lenyewe limepinda. Lakini kabla sijaeleza kwa nini, natuanze mwanzo.

Machimbo ya kwetu

Nchi yetu ina machimbo ya namna nyingi. Kule Ndarugo, upande wa Kiambu, hukatwa mawe ya kijivu yanayojenga nyumba za Nairobi. Katika kisiwa cha Manda, Lamu, watu wa Maweni huchonga mawe ya matumbawe. Bamburi, Mombasa, huchimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji.

Ijara si nchi ya majabali. Sehemu kubwa ni tambarare ya mchanga na udongo wa mfinyanzi, na upande wa magharibi uko mto Tana. Kwa hivyo machimbo tunayoyajua sisi aghalabu ni mashimo ya maramu kando ya barabara, na mahali ambapo malori huchota mchanga.

Msidharau maramu, jamani. Mvua ikinyesha, udongo wetu mweusi hushika magurudumu kama gundi. Lori la unga hukwama, bei ya sukari hupanda dukani, na mama mjamzito anayetakiwa kufikishwa hospitali ya Masalani au Garissa hubaki njiani akimwomba Mungu. Maramu ikimwagwa na kushindiliwa, gari hupita. Tena kazi haijaisha. Mradi mkubwa wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu Machi 2012, na gati la kwanza la bandari ya Lamu likafunguliwa Mei 2021. Barabara ya kuiunganisha bandari hiyo na Garissa imepangwa kupita hapa hapa Ijara. Barabara haijengwi kwa hewa, hujengwa kwa vitu vinavyotoka ardhini. Basi tusijidanganye kwamba mashimo yatakwisha.

Riziki iliyomo shimoni

Abti wangu mmoja alikuwa mfugaji. Ukame ulipommaliza ng'ombe, alishika beleshi. Kazi yake ni kupakia tipa. Wanakuwa vijana sita au saba, wanapanda na kushuka, vumbi limewapaka nyuso hadi huwatambui. Tipa ikijaa wanagawana pesa, wanakaa kivulini kungoja nyingine. Kwa pesa hizo abti hununua unga na kulipa karo ya watoto wake. Hana shamba, hana cheti cha Kidato cha Nne, na mifugo hana tena. Ukimwambia aache kazi hiyo kwa ajili ya mazingira, atakuuliza, "Mazingira yanapikwa kwa mafuta gani?" Wahenga nao walisema kazi mbaya si mchezo mwema.

Na sisi wa Kaskazini Mashariki tunajua wachimba mawe ni watu wa namna gani. Tarehe 2 Desemba 2014, huko Kormey karibu na Mandera, wachimba mawe 36 waliuawa na magaidi wakiwa kambini mwao. Walikuwa wameacha makwao wakaja mbali kutafuta chakula cha watoto, si kwa sababu kazi ile ni tamu. Kwa hivyo mtu anayeandika juu ya machimbo kana kwamba mchimbaji ni adui wa nchi, huyo hajamwona mchimbaji.

Hasara inayobaki

Haya, sasa tugeuze upande wa pili. Mkandarasi mmoja alipomaliza sehemu yake ya barabara karibu na kwetu, alikusanya matingatinga yake akaenda zake. Shimo likabaki. Kuta zake zimesimama wima kama ukuta wa nyumba. Nimeona mbuzi aliyetumbukia humo na kuvunjika miguu. Mvua ikija hugeuka dimbwi lenye maji mekundu, na watoto huliona kama mahali pa kuogelea. Kwenye kingo zake hakuna uzio wala kibao.

Hasara za shimo la namna hii nitazitaja nne.

Ya kwanza ni udongo wa juu. Tingatinga likianza kazi hukwangua tabaka la juu ili lifikie maramu. Tabaka hilo jembamba ndilo lenye mbegu za nyasi na rutuba. Kutengenezeka kwa sentimita moja tu ya udongo wa aina hiyo huchukua mamia ya miaka. Likichanganywa na vifusi, malisho yamekwenda, na nyasi hazirudi kwa kuombewa.

Ya pili ni maji yaliyotuama. Mbu hupenda maji ya namna hiyo. Wakubwa wetu wanaikumbuka homa ya Bonde la Ufa, ile iliyozuka baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, ikarudi tena mwishoni mwa 2006 hadi 2007. Mara zote mbili Garissa iliguswa vibaya. Mifugo iliharibu mimba, watu walikufa, na mwaka 2007 biashara ya mifugo ilisimama. Mayai ya mbu wanaobeba ugonjwa huo hukaa katika udongo mkavu miaka mingi yakingoja mafuriko. Sisemi kwamba machimbo ndiyo yaliyoleta homa hiyo, kwa maana mafuriko yalienea nchi nzima. Nasema tu kwamba si busara kumchimbia mbu nyumba.

Ya tatu ni mathenge. Ardhi iliyokwanguliwa ikaachwa tupu ni mlango wazi kwa mti huu wenye miiba, ambao haujui kuomba ruhusa. Habari zake nitazirudia.

Ya nne ni afya ya mchimbaji mwenyewe. Vumbi la mawe likivutwa kwa miaka mingi hukwaruza mapafu na kuleta maradhi ya kifua yasiyopona. Ukuta wa shimo uliochimbwa kwa chini huweza kuporomoka bila onyo. Kwa hiyo mazingira hayaanzii porini, yanaanzia kifuani mwa abti.

Somo kutoka Bamburi

Je, shimo linaweza kupona? Naam. Mfano upo hapa hapa nchini.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Miaka ilipopita, nyuma yake kulikuwa na jangwa la mawe meupe yenye joto, hata nyasi haimei, na maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikaishi tatu tu. Uliofaa zaidi ulikuwa mvinje, kwa sababu huvumilia chumvi na mizizi yake, ikisaidiwa na vijidudu, hupata naitrojeni kutoka hewani.

Lakini kulikuwa na tatizo. Majani ya mvinje yalianguka yakawa hayaozi, na bila kuoza hakuna udongo. Aliyelitatua ni mdudu tunayemkanyaga bila kumjali: jongoo! Majongoo waliletwa, wakala yale majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mpya. Baadaye zikaja nyasi, mabwawa ya samaki, ndege na wanyama. Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa wageni, na tangu 1999 panaitwa Haller Park. Ndipo alipopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee aliyeitwa Mzee. Wengi wetu tumesoma kisa hicho tukiwa shule ya msingi, bila kujua kwamba urafiki ule ulimea ndani ya chimbo la zamani.

Wanafunzi waliotembelea mahali hapo hurudi wakisema, "Si tufanye hivyo na huku?" Polepole, ndugu zangu. Kuna mambo mawili ya kutazamwa.

Jambo la kwanza ni mti wenyewe. Mathenge nao unahusika na Bamburi. Kumbukumbu za misitu zinaonyesha kwamba mwaka 1973 mbegu zake zililetwa kutoka Brazil na Hawaii zipandwe katika machimbo yale yale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa pia Baringo na katika mradi wa unyunyiziaji wa Bura, jirani zetu wa ng'ambo ya mto. Nia ilikuwa njema: kuni, kivuli na kuzuia jangwa. Leo mathenge umeziba njia za mifugo na kufunika malisho, na maganda yake matamu huwaharibu mbuzi meno. Watu wa Baringo walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2006, na mbuzi asiye na meno akapelekwa awe ushahidi. Lo! Dawa ya shimo imekuwa donda la nchi. Kwetu basi tupande miti iliyozaliwa hapa: mgunga, mswaki, na mkoma kando ya mto.

Jambo la pili ni mwenye shimo. Kiwanda cha Bamburi kilikuwa na ardhi yake na kilibaki pale pale. Kila asubuhi wenyewe waliliona shimo lao. Mkandarasi wa barabara si hivyo. Yeye yuko safarini. Akimaliza kilomita zake anahamia kwingine, na shimo halimfuati. Ukimtafuta baada ya miaka miwili umwambie aje afukie, utampata wapi? Simu itaita mpaka ichoke.

Mkataba kwanza, beleshi baadaye

Hapa ndipo ninaporudia neno langu la mwanzo. Swali la "kazi au mazingira" limepinda kwa sababu linaulizwa wakati shimo limekwisha kuchimbwa na pesa zimekwisha kuliwa. Wakati huo kweli hakuna njia nzuri. Lakini likiulizwa kabla tingatinga halijafika, kazi na mazingira havigombani. Kufukia shimo ni sehemu ya gharama ya maramu, kama vile dizeli ya tipa. Hakuna mkandarasi anayesema hana pesa ya dizeli.

Nilidhani haya ni maoni yangu tu, kumbe sheria inasema vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, kifungu cha 36, inataka mkataba wa mradi katika ardhi hiyo ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii mkutanoni. Si mzee mmoja chini ya mti na bahasha mfukoni! Na mkataba wenyewe lazima useme habari za uchunguzi wa athari kwa mazingira, malipo kwa jamii, na wajibu wa kuirudisha ardhi katika hali njema mradi ukiisha au ukiachwa.

Si hiyo peke yake. Sheria ya mazingira ya 1999, ndiyo iliyozaa mamlaka ya NEMA, imeyaweka machimbo katika kundi la miradi inayochunguzwa kabla ya kuanza. Tena imempa nguvu mkaguzi kumwamuru aliyeharibu arekebishe. Sheria ya Madini ya 2016 imehesabu hata mawe na mchanga wa kujengea kuwa madini. Mrabaha unaolipwa kwa sheria hiyo hugawanywa hivi: serikali kuu asilimia 70, kaunti asilimia 20, na jamii ya mahali asilimia 10. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. "Kila mtu" ni pamoja na mchunga mbuzi na mpakia tipa.

Msiseme, "Sisi wa Ijara nani atatusikia?" Mwaka 1996 kulikuwa na mpango wa kuwahamisha swala hirola kutoka Arawale kuwapeleka Tsavo. Watu wa hapa walikwenda Mahakama Kuu, wakasema mnyama huyo ni wa ardhi yao na wao ndio walioishi naye. Mahakama ikatoa amri ya kuuzuia uhamisho. Na mwaka 2012, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, hirola 48 waliingizwa ndani ya uzio wawe salama na wazaliane. Watu walioweza kumtetea swala hadi kortini wanashindwaje kudai shimo lifukiwe?

Hesabu na kazi mpya

Hebu tufanye hesabu ya mfano tu, kama ya darasani. Tuseme chimbo linatoa tipa 40 kwa siku, na kila tipa inaweka kando shilingi 100 za kufukia. Hizo ni shilingi 4,000 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni 100,000. Chimbo likifanya kazi miezi sita, pana shilingi 600,000 zinazongoja kabla mkandarasi hajafunga mizigo. Shilingi 100 juu ya tipa moja hazimfilisi mtu. Ila ziandikwe na zisomwe hadharani kila mwezi, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Pesa hizo zifanye nini? Kwanza, siku tingatinga linapoanza, udongo wa juu uwekwe pembeni peke yake, usichanganywe na vifusi. Pili, kuta zilazwe ziwe mteremko ambao hata mtoto anaweza kuupanda. Tatu, udongo wa juu urudishwe, nyasi zipandwe na mifugo izuiwe mpaka zishike. Kazi zote hizi zinahitaji mikono. Abti na wenzake, waliolipwa kuchimba, watalipwa tena kufukia. Kumbe kutunza mazingira nako ni kibarua!

Na si lazima kila shimo lifukiwe lote. Baadhi yanaweza kugeuzwa silanga ya kunyweshea mifugo, kitu ambacho kwetu ni dhahabu. Lakini silanga si shimo lililojaa maji kwa bahati. Maramu huvuja, kwa hivyo chini hutandazwa udongo wa mfinyanzi ukashindiliwa vizuri. Upande maji yanakoingilia huwekwa kidimbwi kidogo cha kunasa tope. Uzio huzungushwa, na mifugo hunyweshwa kwenye hori lililo nje, ili wasiyachafue maji wala kubomoa kingo. Yote haya ni rahisi mashine zikiwa bado zipo. Zikiondoka, kuziita tena ni gharama ya mfalme.

Neno la mwisho

Ndugu wasomaji, sitaki machimbo yafungwe. Barabara tunazihitaji na vijana wanahitaji kazi. Nataka tu kila shimo lifukiwe kwenye karatasi kabla halijachimbwa ardhini: nani atalifukia, kwa pesa zipi, na lini.

Sisi wanafunzi tuna sehemu yetu. Wazee wetu wengi wanaitwa kwenye mikutano ya ardhi na kusomewa maandishi wasiyoyafahamu. Sisi tunayafahamu, au tunapaswa kuyafahamu. Likizoni, ukisikia kuna mkutano wa chimbo, nenda ukakae nyuma kwa adabu. Mzee akikuuliza, msomee mkataba kwa Kisomali au kwa Kiswahili, neno kwa neno, mpaka kile kifungu cha kuirudisha ardhi. Kama hakimo, mwambie hakimo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na shimo la maramu si ufa mdogo.